Mwalimu Aliyemfundisha Binti Yangu Kukosa Adabu

Jumatatu ya wiki iliyopita wanafunzi wa tuisheni hapa mtaani kwetu Sakina walifika darasani kwao wakakuta kufuli mlangoni na karatasi imebandikwa: Mwalimu amefariki, mazishi ni Alhamisi, kijijini kwao Akheri. Chumba hicho kinapakana ukuta na karakana yangu ya magari, kwa hiyo mimi msiba niliusikia kwa kimya chake. Kwa miaka mingi sauti yake ilipenya ule ukuta tangu asubuhi, "Onyesha mstari! Onyesha mstari!", mpaka mafundi wangu nao wakawa wanaambiana hivyo wakibishania bolti. Hakuwa rafiki yangu. Nilimwona tapeli mwenye chaki, na nilimwambia usoni. Leo namwandikia safu nzima ya gazeti, na wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua nafasi hii huwa siigawi ovyo.

Marehemu alifundisha kitu kimoja tu, namna ya kufaulu ile mitihani ya Kiingereza ya kuchagua jibu: unapewa habari ya kusoma, kisha maswali, na kila swali lina majibu manne, A mpaka D. Aliwaambia wasome maswali kwanza, habari baadaye. Wafute majibu mawili ya kipuuzi kabla ya kuumiza kichwa. Jibu lenye "daima" au "kamwe" walishuku. Jambo la kweli ambalo halimo kwenye habari ni jibu la uongo, kwa hiyo kila jibu waonyeshe mstari linakotoka. Na kwa kila aya wajiulize mwandishi ameiweka pale imfanyie kazi gani. Ndiyo maana kulitokea fedheha pale makaburini. Msoma wasifu alisimama kando ya jeneza akatangaza kwamba marehemu "kamwe hakuwahi kukosana na mtu yeyote." Wanafunzi wake, waliosimama nyuma kwenye migomba, wakainamisha vichwa, mabega yakaanza kutikisika. Mama mmoja akageuka: "Nyie watoto, hata maiti hamuiheshimu?" Mimi nilijifunika uso kwa kitambaa, watu wakadhani nalia. Marehemu alikosana na mwenye nyumba wake, akakosana na wakuu wa shule wawili, na mimi tulikosana hadi tukazoea. Wale watoto walikuwa wamefuta jibu tu, kama walivyofundishwa.

Ugomvi wetu ulikuwa huu. Mimi niliishia darasa la nne, na kila nilicho nacho nimekipata kwa mikono iliyojaa grisi. Sipendi njia za mkato. Siku moja nikamfuata. "Mwalimu, unawafundisha watoto wa watu ujanja badala ya elimu."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba. Jibu."

"Ukiletewa gari linagonga, unafumua injini nzima?"

"Nina wazimu? Namuuliza dereva linagonga wakati gani, akikata kona au akipanda mlima."

"Basi. Na mimi nawaambia wasome maswali kwanza."

Niliondoka bila kuaga.

Haukupita muda, shida ikanirudisha kwake. Binti yangu wa mwisho alikuwa amepata wafadhili wa kumsomesha uuguzi nje ya nchi, kwa sharti afaulu mtihani wa aina hiyo hiyo. Aliufeli. Akarudia, akafeli. Wafadhili wakasema wa tatu ndio wa mwisho, akishindwa nafasi apewe mwingine. Nikameza kiburi, nikampeleka mlango wa pili. Baada ya wiki mbili Mwalimu akaniita. Alikuwa na karatasi ya mazoezi, na binti yangu ameketi amekunja mikono kama yuko kanisani.

"Mzee, huyu Kiingereza anakijua kuliko mimi. Anafelishwa na adabu."

Akanieleza habari waliyosoma. Mtu anamkumbuka baba yake, ambaye alikuwa akizunguka kuwashauri majirani namna ya kuezeka nyumba, huku paa la kwake likivuja mpaka kitandani. Swali: mwandishi anamwonaje baba yake? Kulikuwa na jibu la heshima kubwa, la hasira, la huzuni, na la dhihaka yenye upendo. Binti yangu alichagua heshima kubwa.

"Kwa nini, mama?" nikamuuliza.

"Si ni baba yake?"

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Unaona? Hasomi kilichoandikwa. Anachagua jibu ambalo mzee akilisikia atafurahi."

"Adabu hiyo nimemfundisha mimi," nikasema, kwa fahari.

"Ndiyo maana nimekuita wewe."

Akatoa karatasi nyingine. Lo! Ilikuwa safu yangu mwenyewe, ameigeuza Kiingereza, ile niliyowaasa vijana kuhusu kujitegemea na kueleza nilivyoanza ufundi na spana moja. Akamsomea binti yangu swali: aya ya tatu imewekwa kwa kusudi gani? A, kuwatia moyo vijana. B, kueleza historia ya ufundi. C, mwandishi kujisifu. D, kuishukuru jamii. Binti akafuta B na D upesi, kisha kalamu ikasimama. Akanitazama, akaitazama karatasi.

"Hapo ndipo mtihani unapoanzia," Mwalimu akasema. "Na mtu mwenyewe yupo, anakuangalia."

"Baba, unisamehe."

"Jibu!"

"C."

Damu ilinipanda. "Onyesha mstari!" nikafoka, na hapo nikajisikia nimeongea kwa mdomo wa yule tapeli.

Akaonyesha. Alianza na wa kwanza, akashuka nao mmoja mmoja mpaka wa mwisho. "Hapa ni wewe, Baba. Hapa ni wewe na spana. Hapa ni wewe tena. Vijana wametajwa kwenye kichwa cha habari tu."

Niliomba ile ya Kiswahili, nikavaa miwani, nikawatafuta vijana kwenye aya yangu. Hawakuwamo. Binti alikuwa ananisubiri kama mtu anayesubiri kibao. Nikaelewa kwamba nikifoka tena, safari yake ya nje imeishia pale pale. "Andika C," nikamwambia.

Kuanzia hapo nyumbani hapakukalika. Nilisema mchicha wa leo umepikwa vizuri, binti akasema, "Baba, kusudi la sentensi hiyo ni kuulizia nyama." Mama yake alicheka akaacha sahani. Nilivumilia mwezi mzima, mimi ambaye mikutano ya mtaa huu hunyamaza nikikohoa. Na kwenye mikutano hiyo nimeanza kuona kitu: mwenyekiti anauliza tunaonaje, na sote tunachagua A, jibu la kumfurahisha. Taarifa zinaandikwa A, barabara inabaki na mashimo yake, tunapiga makofi tunakwenda zetu.

Siku ya majibu binti alikuja karakana akikimbia. "Baba, nimefaulu!"

"Sikuwa na shaka hata kidogo."

Akaniangalia. "Ulikuwa nayo, Baba."

"Nilikuwa nayo," nikasema, na nikamkumbatia na grisi yangu yote.

Sasa ninyi wenzangu mnaoitikiwa "ndiyo, baba" kutwa nzima, halafu mnalalamika kwamba Kiingereza kinawafelisha watoto wenu, sikieni alichoniachia marehemu. Mtoto asiyeruhusiwa kumsoma baba yake hawezi kumsoma mtu mwingine, kwa lugha yoyote ile.