Chai ya Povu na Sala ya Mama

Kwa miezi saba Mama alikataa kukanyaga kwangu. Kutoka kwake mtaa wa Kabiria hadi kwangu Satellite, hapa Nairobi, ni mwendo wa miguu, tena bila kutoa jasho, lakini ungedhani nimehamia Marekani. Kosa langu lilikuwa moja: nilitoka nyumbani kabla ya kuolewa. Kwa Mama, msichana huondoka kwao ameshikwa mkono na mume, kwaya ikiimba nyuma. Mimi niliondoka na godoro, meko ya gesi na mabegi mawili ya nguo.

Kwa hiyo aliponipigia simu Ijumaa moja akasema, "Kesho nitapitia hapo saa kumi nikusalimie tu," niliketi nikashika kichwa. Nilijua anakuja kukagua. Na kwetu nyumba hupimwa kwa chai. Mama akinywa chai yako, amekukubali. Akisema, "Nimetoka kunywa saa hii," jiandae kununiwa mwaka mzima.

Mtu mwenye akili angepika chai ya kawaida: maji, maziwa, majani, ichemke, basi. Mimi sikuumbwa hivyo. Nilikuwa na chai yangu niliyoizoea kwenye mkahawa wa Westlands, karibu na ofisi, ile wanayoiita late, inayoletwa na povu zito juu na mdalasini uliosagwa. Nilijifunza kuipika mwenyewe, na ndani ya wiki tatu nilishajiona fundi. Nachemsha majani mengi kwa maji kidogo, pamoja na tangawizi iliyopondwa, iliki na kijiti cha mdalasini, mpaka rangi ikolee, kisha nachuja. Maziwa napasha pembeni, lakini siyachemshi. Nayatia kwenye chupa ya jamu, nusu tu, nafunga kifuniko, nazungushia kitambaa, natikisa mpaka mkono uombe msamaha. Chai inatangulia kikombeni, maziwa yanafuata, povu linapakuliwa juu kwa kijiko. Ni tamu, wacha nijisifu. Nikataka Mama aione, ajue kwamba binti aliyemsusa anaishi kama malkia.

Alifika saa kumi kasorobo, amejifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Aliangalia mapazia. Akaangalia dari. Akaketi ukingoni mwa kochi, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa chifu.

"Karibu, Mami. Jisikie nyumbani."

"Asante. Sikai sana."

Nikaleta vikombe viwili vya glasi, povu limefika ukingoni. Akainama akakitazama chake.

"Hii ni nini?"

"Ni chai, Mami."

"Na mbona iko na sabuni?"

"Si sabuni, ni maziwa."

"Mm," akasema. "Haya, tuombe."

Hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimesahau sala ya Mama. Mama haombei chai peke yake. Povu nalo halingoji mtu.

Alianza kwa kushukuru kwa siku hiyo, nami nikafumba jicho moja. Akawaombea wagonjwa wa kanisani, mmoja mmoja, na ugonjwa wa kila mmoja. Povu likaanza kutoboka. Akahamia kwa viongozi, na ana mengi juu ya viongozi. Likashuka. Alipofika kwenye mvua, vikombe vilikuwa nusu, na kwetu kumpa mgeni kikombe nusu ni kumwonyesha mlango. Alipovuta pumzi nikadakia kwa nguvu, "Amina!" Akaendelea kana kwamba ni paka aliyelia nje.

"Na huyu msichana wangu, Baba," akasema.

Mama hana mdomo wa kuniambia jambo la moyoni ana kwa ana. Hata bibi, mamake, hakuwa nao. Humwambia Mungu, nami nikiwa pale pale, nisikie.

"Wewe unajua nilimkasirikia. Unajua jioni ngapi nimepita kwa hiyo barabara, nikaangalia kama taa yake inawaka, nikageuka nikarudi. Nilifikiri ataona shida, arudi nyumbani. Hajarudi, Baba. Na hajaona shida. Sasa nisaidie niache kumngojea kule."

Nilifungua macho yote mawili. Yeye yake alikuwa ameyafumba kabisa, na kidevu kilikuwa kinamtetemeka. Kwa miezi saba nilikuwa nimejiambia kwamba hanitaki. Niliona aibu, na nikampenda mpaka kifua kikauma. Machozi yalinitoka hapo hapo nikiwa nimeshika kijiko.

"Amina," akasema, akajipangusa uso haraka kwa ncha ya kitambaa. Akatazama kikombe. "Hii umeniwekea nusu."

"Mami, ilikuwa imejaa! Ni wewe umeomba mpaka—"

"Kumbe ni mimi?"

Akanywa kidogo. Akalamba midomo.

"Tangawizi iko sawa," akasema. "Lakini imepoa. Na haya maziwa haijachemka, usinidanganye."

Akaweka mkoba chini, akavua viatu, akabeba vikombe vyote viwili akaingia navyo jikoni. Mgeni wa kwetu haingii jikoni mwa mtu. Atakaa sebuleni hata kama anasikia chungu kinaungua. Nilimfuata nikamkuta tayari amefungua kabati, anapekuapekua bila kuuliza, akimimina late yangu ya wiki tatu ndani ya sufuria na kuongeza maziwa juu yake. Nikamwashia meko.

"Sufuria kubwa iko wapi?"

"Sina, Mami. Niko peke yangu tu."

Akainua ile ndogo, akaizungusha mbele ya macho yake.

"Na nikija Jumamosi ijayo," akasema, "haka kasufuria katatutosha kweli?"