Sura ya Tatu ya Don Ruperto

Zulma Etchegoyen alipiga chapa miswada ya watu kwa miaka thelathini na minane, katika chumba cha mbele cha nyumba aliyoishi na dada yake Ofelia, mjini Paysandú. Ofelia alikuwa fundi wa kushona. Mashine zao mbili zilishindana kelele tangu asubuhi, na majirani walishazoea. Walisema nyumba ile ikinyamaza, ujue kuna mgonjwa.

Kazi iliyomlisha ilikuwa ya mawakili na barua za maombi. Lakini waandishi nao walimjia: mwalimu mstaafu, karani wa reli, mjane wa mwoka mikate, kila mmoja na daftari kwapani na haya usoni, utadhani amekuja kupimwa ugonjwa wa siri. Zulma hakusomea fasihi. Alichokijua alikijua kwa vidole. Hadithi ikiwa hai, vidole vilikwenda mbio na chai yake ya yerba ikapoa kibuyuni, asikumbuke kuifyonza. Ikifa, alijikuta anatazama dirishani na kuhesabu baiskeli.

"Imekufa ukurasa wa ngapi?" Ofelia alikuwa akimuuliza, pini mdomoni.

"Wa pili. Bwana ameamka, ameoga, amesimama mbele ya kioo. Sasa anatueleza macho yake yana rangi gani."

"Maskini! Mzikeni kabla hajachana nywele."

Walicheka wenyewe kwa wenyewe. Mwenye hadithi hakuambiwa neno. Alipewa kurasa zake safi, akaenda zake.

Mwezi wa Machi, mwaka themanini na saba, don Ruperto Salaberry akaleta riwaya. Alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, mrefu, mwenye viganja vipana. Nusu ya ng'ombe wa upande ule walizaliwa mikononi mwake.

"Doña Zulma, usinicheke."

"Bado sijakucheka, daktari. Weka hapo."

"Nataka nakala tatu. Ya kwanza naipeleka Montevideo, kwa wachapishaji."

"Wachapishaji gani? Wengine wanachapa vitabu vya mapishi, don Ruperto. Umeshasoma wanachokitoa?"

Don Ruperto akajikuna shingo. Zulma akamwambia aende maktaba ya mji, avitoe rafuni vitabu vinavyofanana na chake, atazame nani amevichapa. Alirudi siku ya tatu na jina moja kwenye karatasi: nyumba ndogo ya uchapishaji, mhariri wake mwanamke anayeitwa Hebe Lombardi.

Riwaya yenyewe ilihusu mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo. Daktari kijana anatumwa kuua ng'ombe wote wa kijiji, na mfugaji mmoja anamficha ng'ombe wake wa pekee chumbani anakolala. Zulma alipiga sura mbili bila kuinua macho. Sura ya pili iliishia daktari amesimama mlangoni, anagonga, na ndani ng'ombe analia.

Akageuza ukurasa, moyo juu. Sura ya tatu: babu yake daktari anapanda meli huko Ulaya, akiwa na binamu sita. Binamu wa kwanza aliitwa fulani, akamwoa fulani. Wa pili naye akaoa. Kurasa thelathini na nne. Zulma alipiga nne, akapiga miayo, akaiweka pembeni sura hiyo akisema ataimalizia kesho, akarukia ya nne. Mlango ukafunguliwa. Vidole vikakimbia tena.

Ijumaa ilipofika alikuwa amemaliza yote isipokuwa ile. Akazipanga kurasa, akaona sura ya pili na ya nne zimeungana bila alama ya mshono. Ndipo akafanya lile ambalo baadaye hakuweza kusema lilimponyoka: juu ya sura ya nne akapiga, kwa herufi kubwa, SURA YA TATU, na zilizofuata akazibadilisha namba vivyo hivyo. Za babu akazitia kwenye droo.

Don Ruperto alikuja, akaupima mswada kwa mkono kama anayepima ndama, akaanza kuufunga kwa kamba.

"Hutasoma kwanza?" Zulma akauliza.

"Nimeisoma mara kumi, doña Zulma. Nikiisoma tena nitaitia moto." Akaondoka mbio kuwahi posta.

Mchana ule Zulma alimwambia dada yake. Ofelia akaweka kijiko chini.

"Mtu akiniletea kitambaa cha gauni la mikono mirefu, nikamrudishia gauni lisilo na mikono kwa sababu mimi naona litampendeza hivyo, utaniitaje?"

"Lakini limempendeza kweli, Ofelia."

"Sikukuuliza hilo."

Miezi mitano ikapita. Kila alipomwona don Ruperto sokoni, Zulma alikata kona. Kisha asubuhi moja ya Agosti mzee akaingia bila kubisha, mkono mmoja ameshika barua, mwingine keki ya chajá.

"Wamekubali! Huyu Lombardi anasema ndani ya kitabu hamna hata ukurasa wa ziada. Hata mmoja! Kateni keki, mnanitazama nini?"

Zulma alikula kipande chake kama anayemeza pamba. Alifungua mdomo mara mbili aseme, mara mbili akaujaza keki. Ofelia alimtazama hadi mgeni alipoondoka.

Mwezi wa Oktoba zikaja kurasa za kusahihisha kutoka kwa wachapaji. Safari hii don Ruperto alisoma. Alipofika kwa akina Etchegoyen hakuvua kofia, yeye ambaye hata zizini alikuwa akiivua.

"Babu yangu yuko wapi?"

Zulma akafungua droo, akazitoa zile kurasa thelathini na nne, akazilaza mezani. "Yuko hapa. Nilimtoa mimi. Sikupitiwa, don Ruperto. Nilikusudia."

"Yule mzee ndiye aliyenilea! Wewe nani, hata umtoe?"

"Mimi si kitu. Nimekosa. Nipe mchana huu niipige chapa sura yote, na barua kwa mhariri nitaiandika kwa jina langu, kosa liwe langu."

"Andika," akasema don Ruperto, akakaa palepale kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti, akamlinda mpaka saa kumi na mbili jioni. Zulma alizipiga zote thelathini na nne, binamu kwa binamu. Ofelia alizima mashine yake kwa heshima.

Jibu la Hebe Lombardi lilikuja baada ya wiki mbili, na don Ruperto akalisoma kwa sauti, amesimama mlangoni. Mhariri aliandika kwamba sura si mbaya, ila ni mwanzo wa kitabu kingine, na pale ilipokuwa, inamwacha msomaji mlangoni wakati yeye anataka kuingia. "Lakini kitabu ni chako, daktari. Ukitaka irudi, itarudi. Nakuomba tu uisome upya, ujiulize: ni kitu gani humu ambacho riwaya haiwezi kuishi bila hicho?"

Don Ruperto hakuonekana wiki tatu. Aliporudi alikuwa na nusu ukurasa aliouchomoa katika sura ile. Katikati ya habari za meli na ndoa alikuwa ameandika jinsi babu alivyomfundisha, akiwa na miaka minane, kuweka kiganja shingoni mwa mnyama kabla ya kumuua, akingoja mpaka pumzi yake itulie, "maana anayekufa asife na haraka zetu." Nusu ukurasa huo alikuwa ameuhamishia mwishoni, pale daktari kijana hatimaye anapoingia chumbani alikofichwa ng'ombe.

Zulma akaupiga chapa. Kwenye mstari wa nne alisimama, akavua miwani, akaifuta. Kipande kile kilikuwa ukurasa wa kumi na tisa wa sura ya tatu. Yeye aliishia ukurasa wa nne. Hata siku ile alipozipiga zote, vidole vilikwenda lakini masikio yalikuwa kwa mzee aliyekaa nyuma yake.

"Sikukisoma hiki," akasema. "Nilimtupa babu pamoja na binamu."

"Ndiyo. Ulimtupa." Don Ruperto akachukua karatasi yake. "Ningekwambia asante, doña Zulma, lakini bado nina hasira."

Hasira ilimkaa hadi kitabu kilipotoka, mwaka uliofuata. Kilichapwa nakala mia tano. Wafugaji ambao hawakuwahi kununua riwaya walikinunua, na katika baa ya karibu na uwanja wa mnada watu walikuwa wakisomeana ile nusu ukurasa.

Toka hapo Zulma aliacha kucheka kisirisiri. Akanunua kalamu ya risasi, na kila mswada ulioingia aliusoma mpaka mwisho kabla ya kugusa mashine. Pembeni aliandika maswali tu: Huyu anataka nini? Hapa tumeshajua, kwa nini unaturudishia? Je, mkeo anaongea hivi kweli? Alhamisi alasiri waandishi wawili watatu wakawa wanakuja kusomeana chumbani kwake, na don Ruperto akawa wa kwanza kufika na wa kwanza kubishana.

"Soma kwa sauti," Zulma alikuwa akiwaambia. "Ulimi ukijikwaa, na msomaji atajikwaa. Na barua kwa mhariri iwe fupi. Usimwandikie kwamba mama yako amekipenda kitabu."

"Na wakikaa kimya?" karani wa reli akauliza siku moja. Yeye alikuwa ameshakataliwa na wachapishaji watatu.

"Ngoja miezi sita. Usipige simu."

"Miezi sita yote nifanye nini, doña Zulma?"

"Uandike nyingine," akadakia don Ruperto. "Hiyo ya kwanza imejaa binamu."

Karani alikasirika, akakusanya karatasi zake, akaenda. Alhamisi iliyofuata alirudi nazo zikiwa zimepungua kwa kumi na moja. Katika wote waliopita chumbani mle, waliochapishwa hawakuzidi saba. Karani alikuwa mmoja wao, kwa hadithi fupi moja, katika jarida la mji wa Salto. Zulma alilinunua jarida, akalisoma akiwa amesimama njiani, kisha akaenda nyumbani kumalizia barua ya wakili iliyokuwa ikimngoja mashineni.