Mkate Uliorudi kwenye Sinia

Upumbavu wenyewe ni huu: niliiga sauti ya Maman Prezidente wa kwaya ya Mashi, nikairekodi kwenye simu, nikamtumia rafiki yangu wa darasani ili acheke. Nilimfanya aseme hivi: "Balega bakianza kuimba, hata mbuzi za Bagira zinaomba ruhusa ya kutoka." Rafiki alicheka. Naye akamtumia mwingine acheke. Kabla ya jioni ile odio ilikuwa kwenye simu za mamans wa kwaya ya Kilega, na huko hakuna aliyecheka.

Kuiga watu ndiyo kazi pekee ninayoiweza bila kufundishwa. Shuleni nikimwiga mkuu wa nidhamu, darasa zima linasimama. Pasta wetu nimeshamwiga akiombea chakula huku jicho moja liko kwenye kuku. Lakini Maman Prezidente ndiye niliyemweza kabisa: kile kikohozi chake kabla ya kusema, na ile "kweli ya Mungu" anayofungia maneno yake. Naye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, maman akiwa kwenye biashara yake sokoni Nyawera.

Kanisa letu lina kwaya mbili, kila moja kwa lugha ya kabila lake, na nyumba yetu vilevile. Papa ni Mushi, anapiga ngoma kwa watu wa Mashi. Maman ni Mulega, anaimba kwa watu wa Kilega. Na kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, mwenye kinyongo lazima aende kwa mwenzake wapatane. Akishindwa, mkate anaupitisha tu bila kula.

Siku ya Meza, baada ya ile odio, sinia la mkate liliingia kwenye mabenchi ya Walega, likapita mkono kwa mkono, likatoka vilevile lilivyoingia. Hata maman alilipitisha. Likafika kwa Maman Prezidente, ambaye alikuwa ameshawaapia wazee wa kanisa kwamba hakusema neno lile. Akalitazama. "Kama benzangu banalia juu yangu, nitakula namna gani?" Naye akalipitisha.

Mimi nikala.

Nilikuwa mwenye kosa, na ndimi niliyetafuna, kwa kuogopa mtu asije akaniuliza mbona sili. Kile kipande ni kidogo kama ukucha.

Siku ya yenga iliyofuata, yaani Jumapili, Walega walikwenda kusali peke yao, katika darasa la shule moja huko juu mlimani. Maman alivaa kitenge chake, papa akavaa koti lake, wakasimama mlangoni kama watu wanaongoja pikipiki mbili za njia tofauti.

"Maman ya batoto, kweli unaenda kule?"

"Batu bamesema mbuzi, papa. Mbuzi!" Kisha akanigeukia. "Na weye, unafwata nani?"

Mdomoni nilikuwa na mzaha tayari. Huwa ninao. Safari hii ulikauka palepale.

"Maman, ni miye. Ile sauti ni miye."

Hakunipiga. Ningefurahi kama angenipiga. Alinishika mkono wa shati, akanivuta mpaka kanisani, papa nyuma yetu, na pasta akanipa nafasi wakati wa ushuhuda. Maneno ya kueleza yakakataa. Basi nikakohoa kama Maman Prezidente, nikasema yale ya mbuzi kwa sauti yake.

Watu wakacheka! Hata Maman Prezidente alicheka, kabla hajaelewa. Halafu kicheko kikazimika benchi kwa benchi, mpaka nikaanza kusikia mvua kwenye mabati.

"Nilisikiliza ile odio mara na mara," akasema Maman Prezidente, "nikajiuliza, nilisema lini? Nilifikiri kichwa kinaanza kuniacha, kweli ya Mungu." Akajipangusa macho kwa kona ya kitenge. "Haya, mutoto. Tupande kule juu."

Tulipanda kwenye matope, yeye akiniegemea begani, maman na papa nyuma yetu. Mbele ya ubao wa lile darasa nikarudia yote, hata jinsi watu walivyocheka kanisani. Wengi walishuka pamoja nasi, na maman akashuka. Lakini familia moja haikuondoka kwenye viti vyake. Papa wao aliniambia polepole, "Weye ulisema kwa muchezo. Lakini bale baliokucheka leo, banacheka nini?"

Nikashuka mlima na swali lake, na mimi ndiye niliyewachekesha.

Kanisani walikuwa wakitungoja, na ibada ilipokwisha, watu walisalimiana kwa mikono miwili. Nilikuwa nikijisogeza mlangoni, maman akaniita. Alininyooshea kitambaa chenye maji, akanionyesha benchi ambalo ile familia hukaa, akasema: "Kila siku ya yenga utapanguza hii kabla batu baingie, mpaka siku benyewe batarudia. Na kama habarudie, utazeekea hapa na kitambaa mukononi. Anza."