Mto Kwenye Kiti cha Mbele

Nilimwona mwanangu akifa kwa mara ya pili Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, saa tisa mchana, ukumbini hapa Nyeri mjini, pamoja na watu wapatao mia mbili waliolipa kiingilio.

Sitaongeza chumvi. Nitaeleza yaliyotokea tu.

Naitwa Wakiuru. Napima damu katika maabara ya hospitali. Miaka minne iliyopita gari letu lilipinduka karibu na Endarasha. Nyonga yangu ilivunjika mahali patatu. Kahiga, mtoto wetu wa pekee, alifariki papo hapo. Alikuwa na miaka mitano.

Mimi sikumbuki chochote. Nakumbuka nikifunga mlango wa gari, kisha nakumbuka dari ya wodi.

Aliyenieleza ni mume wangu, Theuri. Yeye ndiye aliyekuwa akiendesha.

"Ulimfungua mkanda umpe uji," aliniambia. "Ng'ombe akaingia barabarani, nikamkwepa. Usijilaumu."

Wiki sita baadaye polisi alinifuata wodini kuchukua taarifa yangu. Niliandika vile Theuri alivyosema. Nikatia sahihi.

Tangu siku hiyo maumivu hayajanitoka. Nikikaa zaidi ya dakika ishirini, moto unashuka kutoka nyongani hadi kisiginoni. Daktari anasema ni neva. Mimi, mtu wa vipimo, niliamini kimoyomoyo kwamba ni adhabu.

Shosho, mama yake Theuri, alinisaidia kuamini hivyo.

Kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hivyo Shosho, mjane wa Kahiga mkubwa, alimwita mjukuu wake "mume wangu". Alikuwa akimtania: "Mume wangu, leo umeniletea nini?" Mtoto anampa ganda la ndizi, Shosho anashukuru kama amepewa kitenge.

Siku ya mazishi, yaliyongojwa hadi nitoke hospitalini, alininyooshea kidole mbele ya watu wote.

"Huyu amenifanya mjane mara mbili."

Niliyakubali maneno hayo. Nilikuwa nimetia sahihi.

Sasa, mwezi wa tatu Theuri akaja na tikiti mbili. Filamu iliyotengenezwa na msichana wa Endarasha anayeitwa Nduta, kuhusu mama anayeishi na maumivu baada ya kufiwa na mtoto.

"Itakusaidia," alisema. "Enda na mathe. Mimi niko na soko ya mbuzi Doldol."

Tulipofika mimi na Shosho, viti viwili vya mbele vilikuwa na majina yetu. Juu ya kiti changu palikuwa na mto.

Nani aliwaambia kwamba siwezi kukaa bila mto?

Filamu ikaanza. Mama wa kwenye filamu anachechemea, anahesabu ngazi, anameza vidonge. Nyuma yangu mwanamke akanong'ona, "Anajifanya huyo. Mgonjwa gani anapaka rangi ya mdomo?"

"Wewe hujawahi umwa. Nyamaza tuone," mwenzake akamjibu.

Kisha yule mama akachukua mpini wa mwiko, akautumia kuvuta kiatu chake, kwa sababu hawezi kuinama.

Hicho kitu nakifanya mimi, chumbani kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Mtu mmoja tu amewahi kukiona.

Baadaye ikaja ajali.

Mama amelala, kichwa kimeegemea dirisha. Mtoto yuko nyuma, mkanda umefungwa. Baba anamtazama kwenye kioo, anatabasamu.

"Kuja uendeshe na baba."

Mtoto anajifungua mkanda, anapanda mapajani mwa baba, anashika usukani huku akicheka. Kona inakuja.

Hakukuwa na uji. Hakukuwa na ng'ombe.

Ukumbi mzima uliguna. Nilimgeukia Shosho ili nimshike, maana nilidhani ataanguka. Alikuwa anarekebisha kitambaa chake cha kichwa.

Filamu ilipoisha nilimkuta Nduta mlangoni.

"Nani alikupa hii hadithi?"

"Si baba Kahiga, Auntie?" Alianza kutabasamu, akaniangalia vizuri, akaacha. "Alitoa ushuhuda kwa mkutano ya wanaume kanisani, mwaka juzi. Baba yangu alikuwa hapo. Nikamwendea, akakubali, akajaza fomu. Alisema mmeshaongea yote. Ati hata mto yeye ndiye alisema tuweke... Auntie, kwani hukujua?"

Mkutano ule una wanaume kama arobaini. Kwa miaka miwili nimewasalimia kila Jumapili, nao wakanipa pole, wakijua.

Nilirudi kwa Shosho.

"Ulijua?"

"Aliniambia kabla tuzike."

"Na bado ukaninyooshea kidole?"

"Watu walikuwa wanauliza, Wakiuru." Hakupandisha sauti. "Mama kumpa mtoto uji, hakuna mtu anamfunga. Yeye wangemfunga. Nishapoteza mume wangu. Nipoteze na kijana yangu?"

Nilimpigia Theuri. Nilisikia mbuzi kwanza, kisha yeye.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Nilishindwa kusema. Huyo msichana anajua kusema vizuri kuliko mimi."

"Ungeniambia jikoni."

"Ungelia."

"Hata sasa sijalia, Theuri."

Nikakata simu.

Jumatatu asubuhi nilienda kituo cha polisi. Afisa aliitafuta faili kwa saa nzima.

"Mama, unataka kumshtaki mzee wako?"

"Hilo mtaamua nyinyi. Mimi nataka kuondoa sahihi yangu kwenye uongo."

"Sahihi haiondolewi. Unaweza tu kuandika taarifa ingine."

Akanipa karatasi. Niliandika nikiwa nimesimama. Sentensi ilikuwa moja: Nilikuwa nimelala.

Wengi wataniuliza kama maumivu yalipungua. Hapana. Neva haijui ukweli wala uongo.

Lakini wewe unayesoma, ukiwahi kuamka hospitalini bila kumbukumbu, usikubali maelezo ya mtu mmoja. Na kama mtu huyo ndiye aliyekuwa ameshika usukani, usitie sahihi.