Siku Mama Samahani Aliponyamaza

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni mwoga tangu nimjue. Anaogopa lifti, anaogopa paka wa jirani, anaogopa simu ikiita na anaogopa zaidi isipoita. Akijigonga kwenye mlango huuomba radhi mlango. Ndiyo maana nyumbani tulimwita Mama Samahani, na aliposikia tumempa jina hilo akatuomba samahani kwa kutusumbua kulitafuta.

Alikuwa mapokezi kwenye kliniki ya kisukari, nyuma ya kioo chenye tundu la kusemea. Kliniki ilipoleta mashine ya kutoa namba za foleni, kazi yake ikageuka balaa. Wagonjwa waliisogelea ile mashine, wakabonyeza popote, wakabonyeza tena kwa hasira, mwishowe wakamgeukia yeye. Akawa anaomba msamaha kutwa nzima kwa niaba ya chuma. Jioni moja aliingia jikoni kwangu, akatupa mkoba kwenye kiti.

"Wifi, wale watu si wajinga," alisema. "Aliyeipanga ile skrini hajawahi kukaa akamtazama mtu anavyoitumia."

"Basi kaipange wewe," nikamjibu. Nilikuwa natania tu. Kumbe utani wangu ulimwingia, maana baada ya muda mfupi alikuwa amejiandikisha kozi ya jioni ya kupanga skrini za simu na mashine: wapi kitufe kikae, kiandikwe nini, mtu akikosea arudi vipi.

Alianza vibaya, na mimi ndiye niliyeteseka. Alikata maboksi ya sabuni, akachora skrini kwa kalamu, akaniketisha niyabonyeze kwa kidole kama mwehu. Nikibonyeza, anaondoa kipande kimoja na kuweka kingine. Mwanzoni kila skrini ilijaa maneno ya upole: tafadhali, kama hutajali, samahani kwa usumbufu. Nikamwambia mimi sisomi hayo yote, nina sufuria jikoni. Akanuna siku nzima, halafu akafuta maneno, akakuza herufi, akatenganisha vitufe. Kweli alikuwa anaishika kazi. Hata mimi, ambaye kusifu kwangu ni kwa shida, niliona.

Kilichomshinda ni kimya. Mwalimu wake alikuwa na sheria moja: unapomjaribisha mtu kitu ulichokibuni, kaa nyuma yake, tazama, ufunge mdomo. Ukimwelekeza, hutajua kama kazi yako inajieleza yenyewe. Wifi hakuweza. Mtu akisita kidogo tu, yeye anadakia, "Samahani, bonyeza pale chini." Mwalimu alisikiliza rekodi za majaribio yake mara kadhaa na kuzikataa zote.

Basi kliniki ikataka programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wanaojichoma insulini nyumbani. Kazi akapewa mwalimu, naye akampa wifi azipange skrini, na mtaalamu wa kompyuta akaijenga. Ilikuwa iingie kwenye simu za wagonjwa Jumatatu. Jumamosi iliyotangulia, asubuhi, mwalimu alisema anataka jaribio moja la mwisho, na mgonjwa halisi, bila neno hata moja kutoka kwa wifi.

Mgonjwa halisi tulikuwa naye nyumbani. Baba mkwe wangu alikuwa fundi magari mpaka alipostaafu, mzee wa mikono mikubwa na subira ndogo, na insulini amejichoma miaka mingi. Kabla ya chakula cha mchana wifi alimpangia kila kitu juu ya meza ya jikoni: simu, sindano mpya, kichupa cha maji alichokibandika karatasi, na sifongo ya kuchoma badala ya tumbo. Sifongo ilimponyoka mara mbili.

"Haya, baba," alisema. "Fanya kama unavyofanya siku zote. Jifanye mimi sipo."

Akaenda kukaa nyuma yake, karatasi mapajani, macho kwenye skrini juu ya bega la mzee, mgongo mpana ukimziba asione mikono yake. Mimi nilikuwa upande wa pili, kwenye jiko, nageuza mboga.

Baba alifanya alivyoambiwa, tena neno kwa neno. Alifanya kama anavyofanya siku zote. Akainuka, akafungua friji, akatoa kichupa chake mwenyewe. Wifi alimwona akiinuka, akadhani anafuata maji ya kunywa, na kuuliza hakuruhusiwa. Mimi sikuona ubaya, maana saa yake ya kuchoma ilikuwa imefika. Akavuta dawa, akapandisha shati, akachoma. Nilicheka moyoni nikiitazama sifongo imekaa pale kavu.

Kisha akabonyeza kitufe cha kijani kilichoandikwa Nimechoma.

Sasa wifi alikuwa ameipanga skrini hivi: ukimaliza dozi moja, inakupeleka papo hapo kwenye dozi inayofuata, ili kazi ionekane safi na mtu asipotee. Kwa hiyo palitokea tena, kwa herufi zilezile kubwa, Choma sindano. Saa ya usiku iliandikwa chini yake, ndogo, kijivu. Baba aliisogeza simu karibu na uso.

"Tena?" akauliza.

Akageuka kumtazama binti yake. Wifi alikuwa ameng'ata mdomo, macho ameyainamisha kwenye karatasi yake, anaandika mbiombio. Nilimwona jinsi alivyojikaza na nikamwonea fahari, Mungu anisamehe.

"Haya," baba akasema, na akachukua sindano nyingine.

Nilitazama kile kichupa cha maji: kifuniko hakijaguswa. Nikafungua mdomo, na wifi, bila kuinua kichwa, akaniinulia kiganja ninyamaze. Naye alidhani ni maji! Alidhani mzee anachoma sifongo, na kwamba kosa lililokuwa mbele yake ni la skrini peke yake. Baba alikuwa ameshavuta dawa. Nami, mwenye mdomo unaojulikana mtaa mzima, nikakitii kile kiganja. Shati likapanda.

"Wifi, anachoma kweli!"

Kiti kilianguka. Wifi alirukia mkono wa baba akaudaka kwa mikono yake miwili, sindano tayari imeshaingia kwenye ngozi, akaichomoa. Dawa ikatiririka kwenye kitambaa cha meza. Ni kiasi gani kilimwagika, ni kiasi gani kilibaki mwilini, hakuna aliyejua.

"Mna wazimu?" baba akafoka.

Wifi alichukua simu, yeye anayeogopa simu, akampigia muuguzi wa zamu wa kliniki. Muuguzi alisema apewe sukari na chakula mara moja, apimwe kila baada ya muda mfupi, asiachwe peke yake, na akianza kuchanganyikiwa tumkimbize hospitali. Nikamkorogea sukari kwenye maji. Akanywa akilalamika kwamba maisha yake yote anakatazwa sukari na leo anashindiliwa.

Hatukucheka. Tulikaa pale alasiri nzima tukimtazama mzee anavyotafuna. Akipepesa macho, tunashtuka. Akinyamaza, tunamwuliza jina lake, naye anatutukana, na matusi yake yalitupa nafuu. Wifi alimtoboa kidole, akasubiri namba kwenye kipimo, akamtoboa tena. Niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa nikijifungua. Namba ilishuka, ikashuka tena, halafu ikasimama. Muuguzi akasema inaelekea haikuingia nyingi, tuendelee kupima.

Hapo ndipo wifi alipopata nguvu ya kuuliza.

"Baba, ulijua umeshachoma. Kwa nini ulichoma tena? Kwa sababu simu imesema?"

"Simu?" Baba alimtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Mimi niisikilize simu? Nilikutazama wewe. Umekaa pale nyuma, unaona kila kitu, na hukusema neno. Nikajua mwanangu hawezi kuniacha nikosee."

Niligeukia jiko, ingawa moto ulikuwa umezimwa zamani. Nilingoja samahani yake. Nilijua inakuja, kubwa kuliko zote alizowahi kuomba, na nikajiandaa kulia nayo. Haikuja. Wifi aliinua simu tena, akampigia mkuu wa kliniki nyumbani kwake.

"Jumatatu programu isiingie kwenye simu ya mtu yeyote," alisema. "Hapana, haiwezi kusubiri. Skrini niliyoipanga mimi inamwambia mtu achome mara mbili. Nimekaa nikaiona."

Mkono wake mwingine ulikuwa bado umeshika kifundo cha mkono wa baba, palepale alipoudakia, na baba, mzee wa subira ndogo, alikaa akamwacha aushike.