Askari wa Kamongo

Ile miaka ya tisini gugu maji lilipofunika ghuba ya Kisumu, mimi nilikuwa askari. Si wa serikali, askari wa samaki. Bwana mmoja wa utafiti aliniambia kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, anaanza kupotea. Watu wanafyeka mafunjo wapande sukuma wiki, na dume akilinda watoto kwa kiota hakimbii, anadungwa tu kama kiazi. Akanipa kazi: nikae kwa mtumbwi kando ya kiota kimoja mpaka watoto wakue, na kila mara kamongo akija juu kuvuta hewa nipige alama kwa daftari. Shule niliachia darasa la sita, lakini kwa kupiga alama mimi ni profesa.

Siku moja shemeji, ndugu ya mke wangu, akaniletea ugali kwa mtumbwi wake. Nusu alikuwa amekula njiani. Tukiwa bado tunagombania hiyo nusu, upepo ukageuka. Kuangalia nyuma, maji hakuna. Gugu limesukumwa likaziba mlango wa mafunjo, kijani tupu kama shamba. Tukapiga kasia, ikanaswa na mizizi. Shemeji akajaribu kukanyaga juu, akazama mpaka kiuno, nikamvuta na shati. Tukakata na panga; tukikata moja, zinakuja tatu.

Jua likapanda. Ile ugali ikaisha. Tukapiga kelele mpaka sauti ikakauka, hakuna mtu. Kamongo akaja juu, akavuta hewa yake, akarudi. Nikapiga alama.

"Omera, ndugu yangu, huyu ni chakula," shemeji akasema.

"Huyu ni kazi yangu."

"Na ukifia hapa, kazi itakuzika?"

"Bwana ataona alama zimeishia saa nane. Ataniuliza."

"Mwambie amekufa na uzee. Si ulisema hii aina yake ni ya zamani kushinda babu zetu wote?"

Sitadanganya. Nilikuwa nimeshaona ule mgongo ukikaangwa na nyanya.

Shemeji akashika panga mkono mmoja, na mkono wa pili akashusha kasia kumtafuta. Kamongo akaiuma. Akaiuma akakataa kuachilia, hata shemeji alipoivuta juu na kichwa kikatoka. Panga ilikuwa tayari. Mimi askari nikashika daftari tu. Chini kwa matope watoto walikuwa wanachezacheza, wadogo kama viluwiluwi.

Shemeji aliwaangalia muda mrefu. Halafu akarudisha kasia ndani ya maji polepole, mpaka samaki akaachilia mwenyewe.

"Mimi niko na sita," akasema, "na sijawahi kuuma mtu."

Jioni upepo ukarudi, gugu likaachana kidogo, tukajipenyeza. Kamongo angeweza kupita chini yake siku nzima. Alibaki.

Kesho yake shemeji alikuja tena. Sufuria ilikuwa imejaa, haijaguswa.