Maneno Matatu ya Mwalimu Honorata

Mwaka 1997, wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kutoka Kongo, Mwalimu Honorata wa Bangwe, mjane aliyekwisha kustaafu, alikuwa na nyumba ya vyumba viwili na mtu mmoja. Mtu huyo ni yeye mwenyewe. Alipochoka kuzungumza na kuku, aliazima banda la nyavu pale mwaloni, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, akafungua darasa la kina mama wa Kikongo waliojua herufi lakini wakashindwa kuandika barua za kutafuta ndugu zao.

Alifundisha vilevile alivyofundisha tangu ujana. Aliandika maneno matatu ubaoni, na kila mmoja atunge sentensi moja yenye yote matatu: ianze kwa herufi kubwa, iishe kwa nukta, na iwe na maana. Sentensi nusunusu hakuzitaka hata kuziona. Madaftari yalikuwa haba, kwa hiyo aliyakata katikati kwa panga, kila mama na nusu yake.

Merina, mchuuzi wa dagaa kutoka Kalemie, ndiye aliyembebea ubao hadi nyumbani kila siku. Walikaa barazani wakicheka. Akishaondoka, nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kumtia Honorata uchungu wa kweli.

Alitaka kumwomba Merina ahamie chumba cha pili, akashindwa. Yeye aliyewaimbia watoto miaka thelathini kwamba kuuliza si ujinga, ulimi ulimwia mzito. Basi akajificha nyuma ya ualimu wake. Jumatano aliandika ubaoni: chumba, pamoja, kukaa. Merina aliandika polepole, akamkabidhi daftari bila kumtazama.

"Mwalimu, utanisahihishia leo?"

"Kesho," alijibu Honorata.

Jioni alisahihisha madaftari yote isipokuwa lile. Aliogopa kukuta Merina ameandika habari za chumba kingine, cha kwao ng'ambo, pamoja na watu wake.

Asubuhi alikuta banda tupu. Mwenye nyavu alimweleza kwamba malori yalikuja alfajiri kuwahamishia wote kambini, na kwamba mama mmoja alikuwa akimuulizia mwalimu mpaka gari likaondoka.

Honorata alikaa kwenye benchi, akafungua daftari la Merina.

"Mwalimu akiniita kukaa pamoja naye katika kile chumba, nitakuja leo hii."

Herufi kubwa ilikuwepo, na nukta ilikuwepo. Alitoa kalamu nyekundu, akatia alama ya vema, kisha akalia.